Vitabu Vyetu Katika Katalogi ya Dunia

Anayemtafuta Tippu Tip katika maktaba za dunia atakutana na watu kadhaa kabla ya kugundua kwamba ni mtu mmoja. Kwa Kiswahili aliandikwa Hamed bin Muhammed el Murjebi. Kwa Kiarabu, katika Oman ulikotoka ukoo wake, ni Hamad bin Muhammad al-Murjabi. Wasafiri na maofisa wa Ulaya, wakiwamo watumishi wa Mfalme Leopold II aliyempa ugavana wa Stanley Falls nchini Kongo mwaka 1887, waliandika Tippo-Tip, Tippoo Tib, na kila namna ambayo sikio la mwandishi lilipendekeza. Alipofariki Zanzibar mwaka 1905 alikuwa ameacha habari za maisha yake kwa Kiswahili. Mjerumani Heinrich Brode alizinakili kwa hati za Kirumi na kuzichapisha Berlin pamoja na tafsiri ya Kijerumani, na zaidi ya nusu karne baadaye W. H. Whiteley akazitafsiri kwa Kiingereza. Mkutubi wa Brussels, wa Berlin, wa Maskati na wa Dar es Salaam wote wanaweza kuandika jina la mtu huyu kwa kufuata kanuni walizofundishwa, na wote wakawa wameandika sawasawa. Lakini kompyuta inayosoma katalogi zao haimjui Tippu Tip. Inajua herufi, na herufi zikitofautiana, kwake watu wametofautiana.

Watu wa maktaba walilijua tatizo hili muda mrefu kabla ya kompyuta. Mwaka 1841 Antonio Panizzi, Mwitaliano aliyesimamia vitabu katika British Museum jijini London, alitoa kanuni 91 za kuandika katalogi, na nyingi kati ya hizo zinahangaika na swali la kuchosha lakini la msingi: mwandishi huyu aingizwe kwa jina lipi? Mwaka 1876 Melvil Dewey akatoa mpango wa kuigawa elimu yote kwa makumi, kutoka 000 hadi 999. Mwaka 1901 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaanza kuuza kadi zilizochapwa tayari, na maktaba za miji midogo zikapumzika kuandika upya kilichokwisha kuandikwa Washington. Hatua iliyofuata ndiyo tunayoishi nayo mpaka leo. Katika miaka ya 1960 Henriette Avram, mtaalamu wa kompyuta katika maktaba hiyo, aliongoza kazi ya kubuni MARC, muundo wa rekodi ambao mashine inaweza kuusoma. Jina la mwandishi lilipewa namba 100, jina la kitabu 245, mada 650, na kwa mpango huo rekodi iliyoandikwa Marekani ikaweza kutumika Nairobi au Makerere bila kuguswa. Ilikuwa kazi kubwa ya akili na inastahili heshima. Ila mashine za wakati ule zilitarajiwa kuchapa kadi, na kadi ndiyo iliyoipa MARC umbo lake. Rekodi imebaki kuwa maandishi ya kusomwa na binadamu, yaliyopangwa kwa ustadi, na jina la mwandishi ndani yake ni mfuatano wa herufi tu.

Data huria unganishi ni njia nyingine ya kufanya kazi ileile. Tim Berners-Lee, mbunifu wa wavuti, aliandika kanuni zake mwaka 2006 kwa maneno machache. Kila kinachotajwa, awe mtu, mji, kitabu au wazo, kipewe anwani yake kwenye wavuti. Anayefungua anwani hiyo akute maelezo yanayosomeka na kompyuta. Na maelezo hayo yataje anwani za vitu vingine, ili kutoka kimoja mtu aweze kufika kwa kingine. Maelezo huandikwa kwa sentensi fupi zenye sehemu tatu: kitu, uhusiano, kitu kingine. Tuchukue Mabepari wa Venisi. Kitabu hiki ni tafsiri ya The Merchant of Venice. Tafsiri hiyo ilifanywa na Julius Nyerere. Julius Nyerere alikuwa rais wa Tanzania. Katika kila sentensi, kila penye jina pana anwani, kwa hiyo Nyerere wa sentensi ya pili na wa sentensi ya tatu ni yuleyule bila kubahatisha, hata kama maktaba moja imemwandika Mwalimu na nyingine J. K. Kadi ya zamani nayo ilikuwa na habari hizi, lakini jina la mfasiri mara nyingi lilikaa katika mstari wa maelezo chini, mahali ambapo jicho la mtu hulipata na mashine hulipita. Likishapewa anwani, msomaji anaweza kuuliza maswali ambayo hakuna kadi iliyowahi kuandaliwa kuyajibu: ni kazi zipi za Shakespeare zipo kwa Kiswahili, na Julius Caezar ya mwaka 1963 ina uhusiano gani na Juliasi Kaizari ya mwaka 1969? Jibu, kwamba ni tafsiri moja ambayo Nyerere aliirudia na kuirekebisha, linakuwa sehemu ya katalogi yenyewe badala ya kubaki kichwani mwa mwalimu wa fasihi.

Viwango vya kuwezesha haya vimekwisha kuandikwa, na sitavikalia sana. Shirikisho la kimataifa la maktaba, IFLA, lilitenganisha mwaka 1998 kazi kama ilivyobuniwa na mwandishi, matini yake katika lugha fulani, toleo lililochapwa, na nakala iliyo mkononi. Maktaba ya Bunge la Marekani ilianza mwaka 2011 safari ya kutafuta mrithi wa MARC, na mrithi huyo akaitwa BIBFRAME. Ufaransa ilifungua data zake za waandishi na kazi mwaka huohuo. Sweden ilianza kutoa data za Libris, katalogi ya pamoja ya maktaba zake, kwa njia hii tangu 2008, na mwaka 2018 ikauhamishia huko uorodheshaji wenyewe wa kila siku. Kwamba jambo linawezekana, hilo limekwisha kuthibitika.

Swali linalotuhusu ni tuanzie wapi, na hapo ndipo ninapotofautiana na mipango mingi inayoanza na programu mpya na semina za muundo wa rekodi. Naamini maktaba za Afrika Mashariki zianze na majina na mada, yaani orodha za waandishi waliothibitishwa na orodha za maneno tunayotumia kueleza vitabu vinahusu nini. Muundo wa rekodi unaweza kusubiri, na ukija utakuja tayari umetengenezwa na wengine. Majina na mada havisubiri, kwa sababu anwani zake zinatolewa sasa hivi, na asiyetoa anwani za watu wake atazikuta zimetolewa na mtu mwingine.

Ushahidi wa hilo upo wazi katika VIAF, mradi unaounganisha majina ya waandishi kutoka maktaba za taifa mbalimbali. Ulianza mwaka 2003 kwa ushirikiano wa Maktaba ya Bunge la Marekani, Maktaba ya Taifa ya Ujerumani na shirika la OCLC. Kompyuta hulinganisha rekodi za majina, na inapoona kwamba watu wawili ni mmoja huwaweka chini ya namba moja pamoja na tahajia zao zote. Tippu Tip wa Kifaransa na al-Murjabi wa Kiarabu hukutanishwa kwa njia kama hiyo. Lakini wanaochangia kwa wingi ni maktaba za Ulaya na Amerika, na mashine inaweza kulinganisha tu kile ilicholetewa. Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye riwaya zake za mwanzo, kuanzia Weep Not, Child ya mwaka 1964, zilitoka kwa jina la James Ngugi, hana shida: dunia nzima inamsoma na majina yake mawili yameunganishwa zamani. Shida ipo kwa mtunzi wa tenzi wa Mombasa aliyechapisha diwani mbili katika miaka ya 1970, anayeshiriki jina la baba na watu mia. Mkutubi wa mbali hana namna ya kujua kama Abdalla Said wa diwani hii ndiye Abdallah Saidi wa kitabu kile cha shule. Mkutubi wa hapa anaweza kupiga simu akauliza. Ujuzi huo wa karibu ndio mchango ambao hakuna anayeweza kuutoa kwa niaba yetu, na ukichelewa, wenye kukumbuka wanaondoka.

Mada zina historia nzito zaidi. Vichwa vya mada vya Maktaba ya Bunge la Marekani ndivyo vinavyotumika katika sehemu kubwa ya maktaba za vyuo duniani, zikiwamo za kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mkutubi Mmarekani, Sanford Berman, alifanya kazi katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Zambia mjini Lusaka. Huko aliona jinsi orodha hiyo ilivyokuwa ikitumia neno Kafirs kama jina la kawaida la watu wa kusini mwa Afrika, neno ambalo kwa wenzake wa Zambia lilikuwa tusi. Kitabu alichokitoa mwaka 1971 kilichambua vichwa vya aina hiyo kimoja baada ya kingine, na kikawa mwanzo wa harakati ambayo haijaisha. Mabadiliko huja, lakini kwa mwendo wa kobe. Mwaka 2014 wanafunzi wa Dartmouth nchini Marekani waliomba kichwa kinachowaita wahamiaji wasio na vibali wageni haramu kiondolewe. Maktaba ilikubali mwaka 2016, wanasiasa katika Bunge wakapinga, na badiliko lenyewe likafika Novemba 2021. Kwa upande wetu madhara ni ya kimyakimya zaidi: Mchaga anayetafuta vitabu kuhusu watu wake huwakuta huko kama Chaga, jina likifuatiwa na maelezo katika mabano kwamba hao ni watu wa Afrika. Ni kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya msomaji wa Washington, ambaye kwake ndilo jambo la kwanza la kujua. Msomaji wa Moshi hahitaji kuambiwa hivyo.

Hapa ndipo data unganishi inapofungua mlango wa kweli. Katika mfumo wa kadi, neno lenyewe ndilo kitambulisho, kwa hiyo kulibadili neno ni kubadili kila kadi. Katika mfumo mpya kitambulisho ni anwani isiyo na lugha, na maneno hubandikwa juu yake kwa lugha yoyote. Katika hifadhi ya Wikidata, Kiswahili ni Q7838. Namba hiyo haipendelei mtu. Mfano mzuri zaidi ni AGROVOC, orodha ya istilahi za kilimo ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO. Ina dhana zaidi ya 40,000, imetolewa kwa mfumo wa data unganishi, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake. Maktaba ikishaunganisha kitabu na anwani ya mahindi, makala ya Kihispania kuhusu mahindi na kijitabu cha Kiswahili kwa wakulima vinakuwa chini ya wazo moja, na kila msomaji analiona kwa neno lake. Mkulima hajalazimika kujua Kiingereza ili aipate elimu iliyoandikwa kwa lugha yake.

Hata hivyo, kubandika maneno ya Kiswahili juu ya mpango uliopo hakutoshi, na hili nalisisitiza kwa sababu ndipo wengi wataridhika mapema. Kila mpango wa mada una ngazi: hili ni sehemu ya lile, lile ni kubwa kuliko hili. Katika Dewey, dini ni 200. Ukristo umechukua sehemu kubwa kabisa ya namba hizo, Uislamu umebanwa katika 297, na dini za asili za Waafrika wote ziko 299.6, nyuma ya nukta. Tafsiri hata ikiwa fasaha kiasi gani, ngazi hiyo inabaki ilivyo. Na katika data unganishi madhara yake huenea haraka zaidi, kwa maana kila mfumo unaounganishwa nao unairithi. New Zealand ilionyesha njia nyingine. Mwaka 2006 ilizinduliwa Ngā Upoko Tukutuku, orodha ya vichwa vya mada kwa Kimaori, iliyopangwa kwa kufuata namna Wamaori wenyewe wanavyoona uhusiano wa vitu, ikitumika bega kwa bega na orodha za Kiingereza. Kiswahili kina uwezo huohuo. Tuna tenzi na mashairi, tuna ngoma na unyago, tuna tiba za asili, tuna jahazi na mitepe, na kila eneo kati ya hayo lina mpangilio wake ambao wenye kazi wanaujua. Anwani zetu zinaweza kuelekezwa kwa za Washington pale zinapolingana, na kuachwa zisimame peke yake pale zisipolingana.

Hata namba ya rafu inapumua katika mpango huu. Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini unaweza kuwekwa kwenye fasihi ya Kiswahili, 896.392, au kwenye historia ya Tanzania, 967.8. Kitabu ni kimoja na rafu ni moja, kwa hiyo mkutubi lazima achague, na msomaji wa upande wa pili hukikosa. Data haina rafu. Utenzi ule unaweza kuwa ushairi na historia kwa wakati mmoja, ukaunganishwa na vita vyenyewe, na Kilwa, na Songea, na utawala wa Wajerumani, huku kitabu kikiendelea kukaa kilipo.

Pingamizi la kwanza dhidi ya haya yote ni la gharama, na ni la haki. Maktaba zetu nyingi zimefika kwenye MARC majuzi tu, kwa kutumia Koha, programu huria iliyozaliwa New Zealand, na wapo wakutubi wanaofanya kazi ya watu watatu wakiwa na kompyuta mbili. Kuwaambia waache walichojifunza jana kungekuwa ukatili. Lakini hawahitaji kuacha. MARC yenyewe imeongezewa nafasi ndogo ndani ya rekodi ambamo anwani huwekwa kando ya jina au mada, na rekodi ikaendelea kutumika kama kawaida. Mkutubi anayethibitisha jina la mwandishi anaongeza mstari mmoja. Sweden ilichukua miaka kumi; hakuna sababu ya sisi kuchukua michache zaidi.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza: anwani hufa. Mwaka 2008 orodha ya mada ya Maktaba ya Bunge la Marekani ilikuwa imewekwa kwenye wavuti kwa mfumo huu na mfanyakazi wake mmoja, na Desemba ya mwaka huo ikaondolewa. Huduma rasmi ilikuja 2009. Mwaka huohuo OCLC, inayomiliki Dewey tangu 1988, ilifungua sehemu ya namba zake kama data unganishi, kisha huduma hiyo ikazimwa na waliokuwa wameziweka anwani hizo katika rekodi zao wakabaki na milango isiyofunguka. Anayejenga juu ya anwani za wengine anajenga juu ya nia yao njema. Kwangu hii ni sababu ya kumiliki anwani zetu wenyewe, chini ya taasisi ya umma yenye sheria nyuma yake na leseni iliyo wazi, kama Ujerumani ilivyofanya mwaka 2012 ilipoachia data za maktaba yake ya taifa zitumike bila masharti. Wikidata ni mahali pazuri pa kuunganisha na kuonekana, lakini kwa vile kila mtu anaweza kuihariri, haifai kuwa ndiyo kumbukumbu pekee ya taifa.

Wapo pia wanaosema kuifungua data ni kuwapa makampuni ya nje mali yetu bure. Tutofautishe. Maelezo kwamba kitabu fulani kipo, kimeandikwa na nani na kinahusu nini, yanapata thamani kadiri yanavyosambaa, na mwandishi ndiye wa kwanza kufaidika. Miswada ya hati za Kiarabu iliyo mikononi mwa familia za Lamu, Pate au Unguja ni jambo jingine. Hapo idhini ya wenyewe lazima itangulie hata maelezo, na mfumo unaruhusu kufunga kinachopaswa kufungwa. Na kwa anayeuliza kwa nini tujisumbue ilhali mitambo ya kutafuta na akili mnemba hujibu kila kitu, jibu ni kwamba mitambo hiyo hujifunza kutokana na kilichopo. Ikimkuta Tippu Tip ameandikwa mfanyabiashara ya watumwa tu, au gavana tu, au mwandishi wa tawasifu ya Kiswahili tu, itarudia hivyohivyo. Data unganishi inaweza kubeba kauli zote tatu, kila moja ikiwa na jina la aliyeisema, na msomaji akapima mwenyewe.

Mahali pa kuanzia papo tayari. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ndiyo inayotoa namba za ISBN nchini. Nchini Kenya kazi hiyo ni ya Kenya National Library Service, na Uganda ni ya maktaba yake ya taifa. Kila mchapishaji anayeomba namba hutaja mwandishi, na mwandishi huyo kwa kawaida yu hai na anapatikana. Hapo ndipo aulizwe anataka jina lake liandikweje, ni majina gani mengine amewahi kuyatumia, alizaliwa mwaka gani na wapi, na kitabu chake kinahusu nini kwa maneno yake mwenyewe. Kisha apewe anwani siku ileile inayotolewa ISBN. Vitabu vya mwaka huu vinaweza kuingia hivyo bila kungoja fedha za kubadilisha rekodi za miaka 60 iliyopita, na za zamani zikafuata polepole, tukitanguliza waandishi ambao waliowajua bado wapo wa kuulizwa.